Kilichokauka Kikilowa Tena

Wadogo zangu wa kambi ya Nakivale, wa Base Camp, wa Juru, wa Rubondo, na ninyi mlioko Mbarara mjini mnaosoma huku mkisubiri taksi ijae, sikilizeni. Ni mimi Yaya wenu. Wakongo mnajua maana yake ni dada mkubwa. Wale waliopitia Kenya wakisikia wanadhani nalea watoto wa watu. Sawa tu, kulea ni kulea. Leo sogezeni mkeka karibu, na watoto watumeni maji kwanza, maana tunazungumzia sehemu ambayo kila mtu anayo na hakuna anayeitaja.

Barua iliyonifikia ilikuwa imekunjwa mpaka ikawa ndogo kama kidonge. Aliyeiandika ni kijana wa Kabazana. Ameniruhusu nimjibu mbele yenu. Jina lake nimemwachia mwenyewe.

"Yaya, unisamehe kwa kukuandikia jambo la aibu. Mwaka jana nilipasuliwa fistula ya njia ya haja kubwa. Kidonda kilichukua kama miezi miwili, kikafunga vizuri, nikarudi kwenye kazi yangu ya boda. Sasa ni mwezi wa nane tangu nipasuliwe. Wiki mbili zilizopita nilisikia kitu kama chunusi kando ya kovu. Kikavimba, kikauma siku tatu, hata kukaa kwenye pikipiki nikashindwa. Usiku wa tatu kikapasuka chenyewe na maumivu yakaisha palepale. Nikamshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo chupi inalowa kidogo kila siku. Mke wangu ameona madoa na ananitazama kwa jicho lingine. Jirani anasema fistula ni ugonjwa wa wanawake, kwa hiyo mimi nimerogwa. Yaya, ugonjwa umerudi, au ni kovu linajisafisha?"

Mdogo wangu, kwanza hujarogwa. Pili, kovu lililofunga miezi sita halijisafishi. Kwa jinsi ulivyoeleza, upo uwezekano mkubwa kwamba fistula imerudi, au haikuwahi kuisha, ilikuwa imelala tu. Mwenye uwezo wa kuthibitisha ni daktari atakayekuchunguza kwa macho na kwa mkono, na safari ya kumwendea uianze wiki hii. Mimi si daktari. Ila nimelala kwenye meza ya upasuaji kwa ugonjwa huuhuu mara mbili, na ile ya pili ingekuwa nyepesi kama nisingeficha dalili kwa miezi minne. Kwa hiyo nisikilize kama unavyomsikiliza mtu aliyekwisha kuungua na chungu hicho.

Jina moja, magonjwa mawili

Tumalizane kwanza na jirani yako. Anachokisema kina asili yake. Sisi tuliotoka Kivu tukisikia neno fistula, akili inakwenda moja kwa moja Bukavu, kwenye Hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kupigania wanawake waliobakwa vitani. Na kila tarehe 23 Mei, siku ya dunia ya kutokomeza fistula ya uzazi, redio zinatangaza habari za mama aliyekaa na uchungu siku mbili, mtoto akakwama, na baadaye mkojo au kinyesi kikawa kinapita ukeni bila yeye kuzuia. Hiyo ni fistula ya uzazi, na ni kweli huwapata wanawake.

Yako ni nyingine. Fistula maana yake ni njia isiyotakiwa iliyojitoboa mwilini, mahali popote pale. Kamusi zetu zina neno la zamani, nasuri, ila huku kambini ukilitamka watu watakuuliza ni dini gani. Fistula ya njia ya haja kubwa huanzia ndani kidogo ya tundu la haja, na huwapata wanaume wengi kuliko wanawake. Haitokani na uzinzi. Haiambukizwi kwa kulala kitanda kimoja. Haina uhusiano na uchawi wala sumu ya mtu yeyote.

Mimi nilipougua, majirani waliamua wenyewe kwamba nilibakwa njiani wakati tunakimbia, wakaanza kunong'ona na kunionea huruma kwa jambo ambalo halikunipata. Nilinyamaza kwa sababu kueleza ukweli kulihitaji kutaja tundu la haja kubwa mbele ya watu. Unaona jinsi aibu inavyomlisha mtu uongo?

Fuko shambani

Wewe umekulia mashambani, kwa hiyo utanielewa haraka. Unamjua fuko, yule mnyama anayechimba chini ya mihogo. Juu unaona kichuguu kimoja tu cha udongo, kumbe chini kuna njia ndefu. Ukiziba tundu la juu kwa mguu, fuko hafi. Anachimba, na kesho anatokea kando.

Ndani ya njia ya haja kubwa kuna tezi ndogo ndogo. Moja ikiziba na kuingiwa na vijidudu, huota jipu. Jipu hutafuta pa kutokea, hujipenyeza hadi kwenye ngozi ya karibu na tundu la haja, hupasuka. Kwa wengine mambo huishia hapo. Kwa wengi, kama mmoja kati ya watatu na pengine zaidi, njia ile haifungi. Inabaki na mdomo wa ndani na mdomo wa nje, na kati yake ni handaki linalotoa usaha. Hiyo ndiyo fistula.

Daktari wa upasuaji akikuta handaki limepita juu juu, hulipasua likawa wazi kama mfereji, ili lijae nyama kutoka chini kwenda juu. Akikuta limepita katikati ya misuli inayobana haja, anaingia kwenye mtihani. Akikata misuli mingi, atafukuza fuko na kukuachia nyumba isiyo na mlango: haja itakuwa inatoka bila hiari. Kwa hiyo mara nyingi hupitisha uzi maalumu ndani ya handaki na kuuacha wiki au miezi, usaha utoke taratibu, ndipo aamue hatua inayofuata. Zipo na mbinu nyingine za kufunga handaki bila kugusa misuli. Hizo zinalinda uwezo wako wa kuzuia haja, lakini uwezekano wa ugonjwa kurudi nazo ni mkubwa kuliko ule wa kupasua mfereji wazi.

Ndiyo maana nakuomba usianze kumlaumu aliyekupasua. Fistula hurudi kwa sababu nyingi. Pengine mdomo wa ndani haukuonekana siku ile. Pengine handaki lilikuwa na tawi la pembeni. Pengine ngozi ya juu ilikimbilia kufunga kabla ya chini kujaa, likabaki shimo lililofunikwa. Na pengine kuna ugonjwa mwingine unaochochea kuni: kifua kikuu, ambacho hushika hata utumbo na njia ya haja, ugonjwa wa Crohn wa utumbo, kisukari, VVU visivyotibiwa. Sigara nayo huchelewesha kidonda. Anayevuta, hilo ni lake.

Hata wafalme yamewakuta. Mwaka 1686 Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, alikuwa na fistula hii hii. Daktari wake, Charles-François Félix, alifanya kwanza mazoezi ya miezi kadhaa kwa wagonjwa maskini, akatengenezewa kisu maalumu, ndipo tarehe 18 Novemba akampasua mfalme bila ganzi, kwa kuwa ganzi haikuwepo. Hata hivyo wiki zilizofuata ilibidi kisu kirudi tena kabla kidonda hakijakaa sawa. Na wakubwa wa ikulu, kwa kujipendekeza, wakaanza kujifunga bandeji makalioni ili nao waonekane wana ugonjwa wa mfalme. Kilichokuwa fahari kule Versailles, sisi Nakivale tunakificha chini ya godoro.

Kidonda kinachopona kinatembea upande mmoja

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, maana wako wasomaji waliopasuliwa mwezi uliopita ambao tayari mioyo inawadunda. Tulieni. Kulowa baada ya upasuaji si lazima kuwe ugonjwa kurudi.

Kidonda kilichoachwa wazi kwa kawaida huchukua wiki nne hadi nane kufunga. Kikubwa au kilichoingia ndani sana huweza kufika miezi mitatu na zaidi. Katika muda huo utaona majimaji ya njano hafifu au ya rangi ya waridi, tone la damu ukijisaidia choo kigumu, muwasho nyama mpya inapoota. Wengine hushindwa kuzuia ushuzi siku za mwanzo. Mwenye uzi ndani, huyo atalowa kwa muda wote uzi ulipo, kwa sababu kazi ya uzi ni hiyo hiyo: kuuacha mlango wazi usaha usijikusanye. Usiukate. Usiuvute. Ukitoka wenyewe, mwambie aliyeuweka.

Kipimo chako ni mwelekeo. Kidonda kinachopona kinatembea upande mmoja: wiki hii majimaji ni machache kuliko wiki iliyopita, maumivu yamepungua, shimo ni dogo zaidi. Siku moja moja inaweza kuteleza, ila wiki kwa wiki inakwenda mbele. Chukua daftari la shule la mtoto, kurasa za nyuma, uandike kila Jumapili mistari miwili: kinalowa kiasi gani, kinauma kiasi gani. Na siku kinapokauka kabisa, iandike tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu. Utaihitaji.

Kwa sababu dalili kubwa ya kurudi kwa fistula ni hii: kilichokauka kikilowa tena. Na ile ya fistula ambayo haikupona tangu mwanzo ni ndugu yake: miezi mitatu imepita na kidonda hakijasogea. Mojawapo la hayo mawili likikupata, huhitaji ushahidi mwingine ili uende kuchunguzwa.

Ninachotaka ukitazame

Fistula inayorudi mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, ingawa wapo ambao huwarudia baada ya miaka. Kwa hiyo kwa mwaka mmoja baada ya kukauka, jikague mara moja kwa wiki unapooga. Wala huhitaji kifaa chochote cha ajabu. Kioo kidogo, mikono iliyonawa kwa sabuni, na mlango uliofungwa.

Tazama kama kuna kichunusi au kinundu kipya kwenye kovu au kando yake, hasa kile kinachovimba, kinapasuka, kinakauka, kisha kinavimba tena mahali palepale. Tazama kama kuna kitundu kipya, hata kama ni kidogo kama ncha ya kalamu. Pitisha kidole juu ya ngozi kutoka kwenye kovu kuelekea kwenye tundu la haja: ukigusa kitu kigumu kama kamba chini ya ngozi, kiandike kwenye daftari. Kovu lenyewe ni gumu pia, kwa hiyo kamba peke yake isikutie kiwewe. Kamba pamoja na unyevu ndiyo habari.

Kisha maumivu. Kidonda kibichi huuma unapojisaidia. Jipu linalojijaza huuma namna nyingine: linapwita, linaongezeka siku hadi siku, linakunyima kukaa na kulala, hata kama hujaenda chooni.

Na unyevu. Usibishane na nafsi yako kama ni jasho au ni nini. Asubuhi baada ya kuoga weka kipande cha kitambaa cheupe kisafi au pedi. Ndiyo, na wanaume pia, pedi haina jinsia. Jioni kitazame. Jasho husambaa na halina rangi. Kinyesi ni kahawia, na kinasema misuli ya kubana bado haijakaza au hukujisafisha vizuri. Usaha huacha doa la njano, kijani au kijivu, mara nyingi mahali palepale, na kitambaa kikikauka kinakakamaa na kunuka.

Mimi nilifanyaje? Mwezi wa sita baada ya upasuaji wa kwanza nikaanza kuona doa dogo kama sarafu. Nikasema ni jasho, jua la Nakivale unalijua. Wiki iliyofuata likawepo tena, nikasema ni sabuni. Wiki ya tatu nikaacha kuvaa nguo nyeupe. Nikanunua kitenge cheusi na nguo za ndani nyeusi, doa likaacha kuonekana, nami nikaacha kuhangaika. Miezi minne nilivaa nyeusi. Nguo nyeusi haijawahi kumtibu mtu. Inachofanya ni kumfukuza shahidi. Nilipofika kwa daktari, handaki lilikuwa limeota tawi la pili.

Nafuu ya uongo

Mdogo wangu wa Kabazana, kuna sentensi moja kwenye barua yako niliyoipigia mstari: "maumivu yakaisha palepale, nikamshukuru Mungu." Mshukuru, ni sawa. Ila ujue kilichotokea. Usaha ulikuwa umebanwa, ukapata pa kutokea, mbano ukaisha. Fuko ametoa udongo. Hajahama.

Hapa ndipo tunapopotelea wengi. Kinapasuka, tunapata nafuu, tunarudi kazini. Ngozi inaziba, usaha unajaa, siku au wiki kadhaa baadaye tunalia tena. Kila mzunguko unaweza kuchimba njia mpya. Katikati ya mizunguko hiyo tunakwenda duka la dawa, tunapewa Flagyl na Cipro za siku tano, uvimbe unatulia, tunasema dawa imetibu. Antibiotiki ina kazi yake pale ambapo daktari ameona maambukizi yanasambaa, au mgonjwa ana kisukari au kinga dhaifu. Kufunga handaki haiwezi. Kidonge hakizibi shimo.

Basi kumbuka: kupasuka kwa jipu ni siku ya kupanga safari, hata kama siku hiyo unajisikia mzima kuliko jana.

Yanayofanana nayo

Si kila kinachosumbua huko nyuma ni fistula. Bawasiri hutoa damu nyekundu na kinyama kinachotokeza, si usaha. Mchaniko wa ngozi ya ndani huuma kama wembe unapojisaidia choo kigumu, na maumivu hubaki baada ya hapo. Uzi wa kushonea uliobaki chini ya ngozi unaweza kutoa majimaji kidogo. Majipu yanayoota mara kwa mara kinenani na makwapani pia ni ugonjwa mwingine wa ngozi wenye tiba yake. Usijipangie jina. Peleka dalili, jina atakupa daktari.

Na wewe dada unayesoma: ukiona upepo, kinyesi au usaha unapita ukeni, hiyo ni njia kati ya utumbo na uke, na inahitaji mtaalamu wake. Na kama uliwahi kupasuliwa huku nyuma na sasa una mimba, mwambie mkunga mapema, kabla ya siku ya kujifungua.

Ya usiku huohuo

Yapo ambayo hayasubiri asubuhi wala siku ya kliniki. Homa na kutetemeka pamoja na uvimbe. Wekundu au joto linalosambaa haraka kwenye makalio au kuelekea sehemu za siri. Korodani kuvimba. Ngozi kugeuka nyeusi au kutoa harufu ya kuoza. Mkojo kukataa kutoka. Damu nyingi isiyokoma. Ukiwa na kisukari au kinga yako iko chini, hesabu hata homa ndogo kuwa kubwa. Mwamshe jirani mwenye pikipiki, mwende kituo cha afya usiku huo. Uozo wa sehemu hizo husambaa kwa saa, si kwa siku, na unaua.

Safari ya Mbarara

Kama huna hayo ya dharura, anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Hujui pa kuanzia? Muulize VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji chako. Kituo ndicho kitakachokupa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, wanakojifunzia madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Tangu mwaka 2001 hospitali za serikali za Uganda hazitozi ada ya matibabu katika wodi za kawaida, ila kipimo au dawa ikikosekana utaambiwa ukainunue nje, kwa hiyo usiende na nauli ya kwenda tu.

Beba karatasi zote za upasuaji wa kwanza. Najua ziko chini ya nguo za sikukuu, pamoja na karatasi ya mgao. Mle mmeandikwa handaki lilipita wapi na lilifanywa nini, na daktari wa pili akizisoma hatachimba gizani. Kama zimepotea, rudi ulikopasuliwa uombe nakala. Beba na daftari lako.

Sasa lugha. Huko wengi wanazungumza Kinyankole na Kiingereza. Wewe una Kiswahili na pengine Kifaransa. Ukihitaji mkalimani, mchague mtu mzima unayemwamini. Usimbebeshe mtoto wako kazi ya kutafsiri makalio ya baba yake. Na maneno yako yawe wazi. Sisi tuna tabia ya kusema "uchafu unatoka", mkalimani anatafsiri uchafu, daktari anaelewa kinyesi, na matibabu yanapotea njia. Sema usaha kama ni usaha. Dada zangu, mkisema "chini kunauma" mtapimwa mkojo na mji wa mimba, mrudishwe nyumbani na vidonge. Sema: "Ni kwenye njia ya haja kubwa, kando ya kovu la upasuaji." Onyesha kwa kidole. Una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani.

Jiandae kwa uchunguzi ili usishtuke. Ataangalia, atagusa nje, pengine ataingiza kidole chenye glavu na mafuta. Kama panauma sana, mwambie. Uchunguzi kamili unaweza kufanywa ukiwa umepigwa ganzi. Fistula iliyorudi mara nyingi huhitaji picha, na iliyo bora zaidi kuonyesha matawi ni MRI, lakini ni ghali na haipatikani kila hospitali. Uliza kama kuna njia nyingine kwa hali yako. Uliza pia haya: Je, mdomo wa ndani umeonekana? Handaki limepita kwenye misuli kiasi gani? Utafanya nini kulinda uwezo wangu wa kuzuia haja? Je, nipimwe sukari, VVU na kifua kikuu? Na kinyama kikikatwa, kitapelekwa maabara?

Usikimbilie kukatwa tena kesho yake. Kila upasuaji wa pili na wa tatu unagusa misuli ileile, na misuli haioti upya kama majani. Mara nyingi hatua ya kwanza ni kutoa usaha na kuweka uzi, mambo yatulie. Ukiambiwa usubiri ukiwa na uzi, hujatelekezwa.

Wakati unasubiri

Maji ya uvuguvugu kwenye beseni safi, ukae ndani dakika kumi hadi kumi na tano, mara mbili tatu kwa siku na kila ukitoka chooni. Maji matupu yanatosha. Chumvi nyingi, Dettol, ndimu na majivu viache jikoni. Jisafishe kwa maji kuliko karatasi kavu, kausha kwa kugusagusa. Usikamue. Usichokonoe kitundu kwa kijiti ili "kitoke chote". Na ile desturi yetu ya kujipiga bomba la majani ya dawa kwa nyuma, nakuomba iache kabisa: unaweza kujitoboa mahali ambapo tayari pamechoka.

Choo kisiwe kigumu. Sombe, lengalenga, maharage, papai, uji wa mtama, na maji mengi. Ugali mkavu siku saba mfululizo ni adui wa kidonda hiki. Pikipiki haikukuletea fistula, lakini kukaa juu yake kutwa na jipu ni kujitesa. Mwenzako akushikie kazi siku chache.

Na mke wako. Mwite ndani leo jioni, mpe barua hii aisome. Mwambie: huu ni ule ugonjwa niliopasuliwa, nadhani umerudi, sikuleta kitu kutoka nje. Madoa aliyoyaona anayatafsiri peke yake gizani, na tafsiri ya gizani siku zote ni mbaya kuliko ukweli. Anayefua nguo zako ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona kama unapona.

Wadogo zangu wengine mliopasuliwa, nawaomba jambo moja tu. Msivae nyeusi. Vaeni nyeupe mwaka mzima, na siku nyeupe ikipata doa, chukueni karatasi zenu mwende mkaonyeshe.

Ni mimi Yaya wenu.